Kupanga wimbo wa rege wenye soul na bendi ya watu watano

Kabla ya kugusa gitaa, mweke sawa mpiga ngoma. Wengi wa Nairobi wamelelewa na benga, ambako mguu hugonga kila pigo, na mguu huo huo ndio huua rege. Katika wan-dropu, mdundo wa msingi wa rege, pigo la kwanza huachwa tupu. Ngoma ya mguu na snea (ngoma ndogo ya mbele) inayogongwa ukingoni hukutana kwenye pigo la tatu. Weka metronomu mapigo 144 kwa dakika. Ukiiweka 72 kasi ni ileile, ila pigo hilo la tatu litahesabika kuwa la pili na la nne, na hapo bendi hugombana bure. Kubalianeni hesabu moja. Mpiga ngoma asipoweza kuliacha la kwanza, aondoe mguu kwenye pedali dakika kumi, apige hai-hati (matoazi mawili yanayokutana) na snea tu, kisha aurudishe kwenye la tatu peke yake.

Gitaa hukata kwenye pigo la pili na la nne. Piga nyuzi tatu nyembamba kuelekea chini, kisha legeza vidole vya kushoto papo hapo bila kuvitoa kwenye nyuzi. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ikiendelea kulia inamla mpiga kinanda. Yeye, kwa sauti ya ogani, anabubujika: mkono wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Mkono wa kulia huanguka pamoja na gitaa. Wa kushoto hutangulia nusu pigo na kufuata nusu pigo. Hakuna anayemsikia mpaka anyamaze.

Besi ndiyo wimbo wenyewe. Funga kitufe cha toni, piga kwa kidole gumba karibu na shingo, na uache mapengo. Besi ya benga hukimbia. Hii husema neno, ikanyamaza, ikalirudia. Fungu moja la mapigo manane linatosha ubeti mzima.

Soul huingia kwa sauti, na hapa Kiswahili kina sheria yake. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ninakukuMBUka. Silabi hiyo ndiyo ikae kwenye pigo la tatu, na ndiyo ya kuvutwa na kupambwa. Ukivuta "ka" ya mwisho, msikilizaji atajua kuna kitu kimepinda hata asipoweza kukitaja. (Waimbaji wanaoiga matamshi ya Jamaika hujikwaa hapa kila mara.) Msikilize Toots Hibbert, mwimbaji wa rege wa Jamaika, aliyeanzia kanisani na ambaye mwaka 1988 alitoa albamu ya nyimbo za soul: anachelewa kidogo nyuma ya ngoma, hakimbii kuifikia. Sauti za kuitikia ziwe tatu, ziimbe maneno machache.

Rekodi ikiwa tayari, ijaribu mahali pawili, kwenye matatu na kwenye simu. Matatu itakuonyesha besi iliyozidi: milango ikitetemeka huku maneno hayasikiki, punguza sauti nzito zilizo kati ya hezi 60 na 100. Simu ina tatizo lingine, kwa sababu spika yake ndogo haitoi sauti nzito, hivyo besi hutoweka na wimbo unabaki mifupa. Kuongeza besi hakusaidii. Chukua gitaa la pili, lifuatishe mstari wa besi oktavu moja juu, nyuzi zikizibwa kwa kiganja karibu na daraja, na uliweke chini kiasi kwamba kwenye spika kubwa hulitambui.