Kabla hujabadilisha betri ya kompyuta mpakato

Usikimbilie kununua betri. Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni betri kweli. Jaribu chaja nyingine ya wati zilezile, tikisa kidogo tundu la chaja uone kama limelegea, na upapase waya pale unapojikunja karibu na plagi, maana mara nyingi hukatikia ndani huku nje ukionekana mzima. Watu wananunua betri mpya kumbe wa kulaumiwa alikuwa waya.

Chaja ikiwa salama, iulize kompyuta yenyewe. Kwenye Windows fungua dirisha la kuandikia amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Humo kuna mistari miwili ya kulinganisha: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo uliobaki leo. Uliobaki ukiwa chini ya nusu, betri imechoka, usijidanganye. Ukiwa bado asilimia 80 au zaidi, betri haina neno, tafuta programu inayofyonza umeme. Mac nayo huonyesha idadi ya mizunguko ya kuchaji. Mzunguko mmoja ni pale umeme uliotumia unapofika jumla ya asilimia 100, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. MacBook nyingi za miaka ya karibuni zimepangiwa mizunguko 1000, ilhali betri nyingi za kompyuta nyingine huanza kuchoka kati ya 300 na 500.

Utunzaji hauna siri kubwa: betri inauawa na joto. Usitumie kompyuta juu ya godoro, safisha vumbi kwenye feni, usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Achana na ushauri wa kumaliza chaji hadi sifuri kila mara. Huo ulikuwa wa betri za nikeli na kadimiamu, na betri za lithiamu-ioni, ndizo zilizo kwenye kompyuta za sasa, zimeanza kuuzwa tangu 1991. Hizi hupenda chaji ikae katikati. Kama kompyuta yako inashinda kwenye umeme kutwa nzima, tafuta mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80. Lenovo, Dell, HP na Asus wanao kwenye kompyuta zao nyingi. Ukitaka kuiweka kabatini kwa muda mrefu, iache na chaji ya nusu na uichungulie baada ya miezi michache.

Sasa la kuvimba, na hapa naomba usiruke hata mstari. Betri ya lithiamu ikizeeka au ikichemka mno, kemikali zake huvunjika na kutoa gesi. Mfuko wake umezibwa pande zote, kwa hiyo hutuna, na ndani ya kompyuta nyembamba hakuna nafasi ya kutuna. Inachofanya ni kusukuma kilicho juu yake, na mara nyingi kilicho juu yake ni tachipadi, kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole.

Dada mmoja tuliyekuwa naye ofisi moja alianza kulalamika kwamba tachipadi yake haibonyezeki upande wa kushoto. Mmoja akamshauri asakinishe upya programu yake. Mwingine akamwambia anunue kipanya, akanunua, kazi zikaendelea. Baadaye kompyuta ikawa haitulii mezani, akakunja karatasi na kuiweka chini ya pembe moja. Mfuniko wa chini ukaachia ufa pembeni, mwembamba, wa kupitisha kadi ya benki. Hakuna aliyetaja betri, kwa sababu chaji ilikuwa bado inakaa vizuri tu. Alipofika kwa fundi, fundi alikuta betri imegandishwa kwa gundi, akaingiza bisibisi bapa chini yake ili aing'oe. Ncha ikatoboa mfuko. Likasikika fyuuu, ikafuata harufu kali yenye utamu kama ya rangi ya kucha, kisha moshi mweupe, kisha moto. Fundi aliungua vidole. Kompyuta ilitupwa nje, ikamalizikia huko na diski yake, na kazi za miaka kadhaa za yule dada hazikuwa na nakala popote.

Kwa hiyo fuata hivi. Ukiona tachipadi imekuwa ngumu, au mfuniko umetuna, au kompyuta haikai sawa juu ya meza bapa, izime, chomoa chaja, na usiichaji tena. Usiikandamize irudi, wala usiitoboe eti itoe hewa. Mpelekee fundi, na kabla hajagusa kitu muulize ataitoaje. Akikujibu bisibisi, chukua kompyuta yako uondoke. Anayejua kazi ataanza kwa kuchomoa kiunganishi cha betri, atalainisha gundi, na atatumia kadi ya plastiki au uzi, taratibu. Ikianza kutoa moshi, toka chumbani, moshi huo ni sumu. Na nakala za kazi zako ziwe zimeshahifadhiwa kwingine kabla siku hiyo haijafika.

Ukienda kununua, usitaje jina la kompyuta pekee. Modeli moja inaweza kuwa na betri mbili zenye viunganishi tofauti. Fungua mfuniko, piga picha lebo ya betri ya zamani, linganisha namba ya spea na umbo la kiunganishi. Volti zilingane pia: 10.8 na 11.1 ni ndugu, lakini 7.4 na 14.8 si za kubadilishana. Fanya hesabu ya uwezo wake mwenyewe: volti 11.4 mara ampea-saa 4 ni wati-saa (Wh) 45.6. Lebo ikidai zaidi ya hesabu yake, au betri ya umbo lilelile ikijisifu uwezo maradufu ya ile ya kiwandani, hiyo ni feki. Tazama na tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri huzeeka hata ikiwa rafuni.

Kubadilisha mwenyewe inawezekana kama betri imefungwa kwa skrubu na haijavimba. Zima kabisa, usiiache kwenye hali ya usingizi (Sleep). Chomoa chaja. Panga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, kwani ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu. Shika kiunganishi chenyewe, usivute nyaya. Ukishafunga, chaji hadi ijae, itumie hadi iishe, chaji tena. Hiyo hurekebisha kipimo cha asilimia tu, usirudie kila wiki.

Siku za mwanzo usiiache ikichaji usiku kucha juu ya kitanda. Ipapase chini: uvuguvugu ni kawaida, joto la kushindwa kuweka kiganja si la kawaida, irudishe ilikotoka na risiti yake. Ile ya zamani ziba ncha zake za umeme kwa utepe, usiitupe jalalani wala kuichoma, ipeleke wanakopokea taka za kielektroniki. Ukisafiri kwa ndege na betri ya akiba, iweke kwenye mzigo wa mkononi, na iwe chini ya wati-saa 100. Na watoto wasiichezee, hata kama inaonekana imekufa.