Jinsi ya Kuomba Taarifa kwa Shirika la Nyumba Lenye Mkono wa Halmashauri Nchini Uingereza

Si ajabu kwa mpangaji wa nyumba ya halmashauri nchini Uingereza kukuta barua zake zote zinatoka kwa kampuni yenye jina lake, nembo yake na ofisi yake, inayojitambulisha kuwa shirika lisilo la faida. Siku lifti inapokufa, au ukungu unapopanda ukuta wa chumba cha watoto, na mpangaji akataka kuona ripoti za ukaguzi, swali la kwanza ni kama kampuni hiyo inabanwa na Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya mwaka 2000, inayompa mtu yeyote haki ya kuomba taarifa zinazoshikiliwa na mamlaka za umma. Jibu halimo katika jina la shirika, wala katika kazi linayoifanya. Limo katika umiliki wake, na asiyeuchunguza umiliki huo kabla ya kuandika anaweza kupoteza mwezi mzima akibisha mlango usiokuwa wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni uchunguzi, nayo ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema kwamba kampuni ni mamlaka ya umma ikiwa inamilikiwa yote na mamlaka za umma, yaani haina mwanachama mwingine yeyote ila halmashauri, au halmashauri kadhaa kwa pamoja. Zamani kampuni iliyomilikiwa kwa ubia na halmashauri mbili au tatu ilikuwa ikiponyoka, lakini tangu tarehe 1 Septemba 2013 mwanya huo umezibwa. Kampuni nyingi zilizoundwa na halmashauri ili kusimamia nyumba zao zina mwanachama mmoja tu, ambaye ni halmashauri yenyewe, na hizo zinawajibika kujibu maombi ya taarifa kama inavyowajibika halmashauri.

Hapa wengi huteleza kwa kuchanganya wanachama wa kampuni na wajumbe wa bodi. Bodi ya kampuni ya namna hii kwa kawaida huwa na madiwani, wapangaji na watu huru kutoka nje, na mtu akiiona hudhani kwamba umiliki nao umegawanyika hivyo hivyo. Sivyo. Mjumbe wa bodi anaongoza kampuni, hamiliki, na kifungu cha 6 hakimuulizi habari zake. Ingia katika tovuti ya Msajili wa Makampuni wa Uingereza (Companies House), ambayo haitozi chochote kwa kuonyesha nyaraka, utafute jina kamili la kampuni kama lilivyoandikwa chini ya barua uliyotumiwa, kisha ufungue katiba ya kampuni (articles of association) na usome sehemu inayohusu uanachama. Ikisema kwamba mwanachama pekee ni halmashauri, umepata jibu lako. Piga chapa ukurasa huo uuhifadhi. Usitosheke na daftari la watu wenye udhibiti wa kampuni, maana daftari hilo huandika kwamba halmashauri ina asilimia 75 au zaidi ya kura, na asilimia 75 haitoshi kwa kifungu cha 6. Inatakiwa iwe 100.

Ikiwa katiba inataja wanachama wengine, kwa mfano wakazi wenyewe, basi sheria haiifikii kampuni hiyo moja kwa moja, hata kama kila nyumba inayoisimamia ni mali ya halmashauri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Kensington and Chelsea Tenant Management Organisation, iliyosimamia jengo la Grenfell Tower mjini London kwa niaba ya halmashauri. Wanachama wake walikuwa wakazi, na kwa sababu hiyo haikuhesabiwa kuwa mamlaka ya umma. Moto wa tarehe 14 Juni 2017 uliua watu 72 katika jengo hilo. Kila ninapomsaidia mtu kuandika ombi la taarifa kuhusu usalama wa moto naukumbuka mpaka huu wa kisheria, na sijawahi kuuona kuwa wa haki, kwa kuwa anayelala ghorofa ya 20 anahitaji kujua hali ya mlango wake bila kujali kampuni imesajiliwa vipi.

Kundi la tatu ni mashirika ya nyumba yaliyojitegemea, ambayo mengi yalipokea nyumba zilizohamishwa kutoka halmashauri. Kwa England haya hayamo katika sheria ya mwaka 2000. Baadhi ya wapangaji wamejaribu njia ya Kanuni za Taarifa za Mazingira za mwaka 2004, ambazo maana yake ya mamlaka ya umma ni pana zaidi kwa sababu inagusa pia chombo kinachodhibitiwa na mamlaka ya umma. Hata hivyo, mwaka 2020 baraza la juu la rufaa liliamua kwamba Poplar HARCA, shirika la mashariki ya London lililopokea nyumba za halmashauri ya Tower Hamlets, si mamlaka ya umma kwa mujibu wa kanuni hizo. Sheria ya Nyumba za Jamii ya mwaka 2023 imeifungulia serikali njia ya kuyawekea mashirika haya masharti ya kuwapa wapangaji taarifa, lakini hiyo ni haki ya mpangaji kwa mwenye nyumba wake, haiyageuzi mashirika hayo kuwa mamlaka ya umma.

Ukishajua umo katika kundi gani, utajua pa kupeleka ombi. Kampuni inayomilikiwa yote na halmashauri iandikie yenyewe. Kama haimilikiwi yote lakini inasimamia nyumba kwa mkataba wa halmashauri, andikia halmashauri, kwa kuwa kifungu cha 3(2)(b) kinasema taarifa inayoshikiliwa na mtu mwingine kwa niaba ya mamlaka ya umma inahesabika kuwa imo mikononi mwa mamlaka hiyo. Nilikaa na jirani yangu, mama wa Kimombasa, jikoni kwake, bakuli likiwa chini ya bomba linalovuja, tukisoma jibu la mistari miwili kutoka kwa kampuni inayosimamia jengo lake: sisi si mamlaka ya umma, ahsante. Tuliandika upya jioni ile ile kwa halmashauri, tukaitaja namba ya kifungu. Nakala ya mkataba ikaja, na ndani yake jedwali la ripoti ambazo kampuni ilitakiwa kuziwasilisha kila robo mwaka. Tangu siku hiyo mkataba ndio ninaoshauri uombwe kwanza, kwa maana unakuonyesha ni karatasi zipi halmashauri ina haki ya kudai, na hizo ndizo utakazoziomba baadaye.

Ombi lenyewe ni jepesi. Liwe kwa maandishi, na barua pepe inatosha; litaje jina lako halisi na anwani ya kujibiwa; lieleze taarifa unayoitaka. Huna haja ya kusema sababu, wala hulipi ada ya kuomba. Wala huulizwi uraia, tofauti na sheria za Kenya na Tanzania za mwaka 2016, ambazo humpa raia haki hiyo. Andika kwa Kiingereza chepesi, ukilenga jambo hili: “Naomba nakala ya mkataba wa usimamizi kati ya halmashauri na kampuni, pamoja na ripoti za ukaguzi wa milango ya kuzuia moto katika jengo letu, kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024. Ikiwa nyaraka hizi ziko kwa kampuni, naomba zitazamwe chini ya kifungu cha 3(2)(b).” Taja jengo na tarehe kila mara. Halmashauri inaweza kukataa ombi ambalo kulitafutia majibu kungezidi pauni 450, yaani saa 18 za kazi kwa pauni 25 kila saa, na ombi la “kila kitu kuhusu matengenezo” huangukia hapo kwa urahisi.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Likichelewa, au likikataa kwa kutaja siri za biashara au taarifa za watu binafsi, omba mapitio ya ndani, yaani waliokujibu walitazame upya jibu lao, kabla ya siku 40 za kazi kupita. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Taarifa, msimamizi huru wa sheria hii, ambaye anaweza kuamua pia swali la kama kampuni ni mamlaka ya umma au siyo. Hapo ndipo ule ukurasa wa katiba uliouhifadhi unapofanya kazi yake. Uamuzi wake una rufaa kwenye baraza la rufaa, ndani ya siku 28.

Anayeishi Scotland ana njia fupi zaidi. Tangu tarehe 11 Novemba 2019 mashirika ya nyumba yaliyosajiliwa huko yamewekwa chini ya sheria ya taarifa ya Scotland ya mwaka 2002, kwa hiyo anaandika moja kwa moja kwa shirika lake, na malalamiko yake huenda kwa Kamishna wa Scotland.

Na ikiwa unachokitaka ni faili lako mwenyewe, yaani kumbukumbu za simu ulizopiga, picha za ukungu walizopiga mafundi wao na maelezo waliyoandika juu yako, usitumie sheria hii kabisa. Omba kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo inamfunga kila mwenye nyumba awe wa umma au wa binafsi, haina ada kwa kawaida, na inampa mwezi mmoja wa kujibu.