Unajenga Mbeya? Dai hesabu ya umeme kabla hujasaini

Msanifu asikuletee ramani tupu. Andikeni kwenye mkataba kwamba kabla ramani haijapitishwa analeta hesabu ya nishati, nyumba itakula yuniti ngapi kwa mwezi, na alinganishe angalau michoro miwili. Huku kwetu shida sio AC jamani, ni baridi ya Juni na Julai, alafu kinachomaliza luku ni hita ya kuogea, so mwambie apige na hesabu ya hita ya sola, bei yake na itarudisha hela baada ya miaka mingapi. Madirisha makubwa ya sebuleni yaangalie kaskazini manake miezi ya baridi jua linapita upande huo, na kwenye karatasi kugeuza ni bure, ukishamwaga msingi basi tena. Silingi bodi lazima, bati tupu pale Uyole utatetemeka mpaka meno. Kwa kontrakta: kila kilichomo kwenye hesabu kiingie kwenye BOQ (ile orodha ya vifaa na kazi zote na gharama zake) na kipimo chake, asibadilishe bila maandishi, na sehemu ya malipo ibaki mpaka mkague. Akinuna tafuta mwingine, wapo kibao.