Wakiomba rock na wewe uko kwenye pedali stili

Bendi yetu hupiga country kwenye baa za huku Texas. Ikishapita saa nne usiku, vikaratasi vya maombi huanza kuletwa jukwaani, na vingi ni vya rock ya zamani. Kama unapiga pedali stili, yaani gitaa la kulala lenye pedali za miguu, linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, usiweke chuma hicho chini ukawaachia wenzako wa gitaa. Nyimbo hizo zimo humo humo kwenye nyuzi zako.

Naandika kwa aliyetyuni E9, mpangilio wa noti za nyuzi wa kawaida kwenye country (herufi ni majina ya noti, ila pedali A na B ni majina ya pedali tu): pedali A inapandisha nyuzi za B hadi C#, pedali B inapandisha za G# hadi A. Uzi wa 1 ni ule ulio mbali nawe.

Hatua ya 1: inua mguu wa kushoto. Rifu nyingi, yaani vile vipande vifupi vya muziki vinavyojirudia, hazitaki pedali kabisa. Chukua "Smoke on the Water" ya Deep Purple. Weka chuma freti ya 3 (freti ni alama zilizochorwa chini ya nyuzi), chomoa uzi wa 5 na wa 4 kwa pamoja: ni D na G, noti zile zile anazoanza nazo Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa bendi hiyo. Kisha fuata freti hizi: 3-6-8, 3-6-9-8, 3-6-8-6-3. Blackmore mwenyewe huichomoa kwa vidole, kwa hiyo dole gumba na kidole cha kati vinatosha. Kazi kubwa ni kiganja. Zima nyuzi kabla hujahamisha chuma, kila mara. Ukiburuta chuma huku nyuzi zinalia, rifu inageuka wimbo wa Hawaii. Mimi niliirudia wiki nzima polepole, amplifaya ikiwa imezimwa, mpaka kiganja kikazoea.

Hatua ya 2: distosheni (ile sauti ya kukwaruza ya rock) kidogo, nyuzi chache. Kodi kamili, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ikipita kwenye distosheni inavurugika. Piga uzi wa 8, 5 na 4 tu, ruka wa 6 na wa 7. Freti ya 5 inakupa kodi ya A nzito isiyo na noti ya tatu, ile inayoifanya kodi iwe meja au maina.

Hatua ya 3: sasa rudisha mguu. "Sweet Home Alabama" ya Lynyrd Skynyrd (1974) inazunguka kodi za D, C, G. Kanyaga pedali A na B pamoja kwenye freti ya 5, hiyo ni D. Teremka freti ya 3 bila kuachia, ni C. Achia pedali hapo hapo, chuma kisisogee: G. Ule mwachio wa pedali ndio utamu wenyewe, na gitaa la kawaida haliwezi kuutoa hivyo.

Hatua ya 4: solo. Wimbo ukiwa G, panda freti tatu juu ya G yako, yaani freti ya 6. Uzi wa 4 ni Bb, wa 7 ni C, wa 6 ni D, wa 5 ni F. Kanyaga pedali A, na ile F inapanda hadi G. Noti zote tano za bluzi ziko kwenye freti moja! Pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti, iache katikati ili mchomoo usikike tangu mwanzo, ile nusu iliyobaki uitumie kurefusha noti ya mwisho. Na hiyo pedali A usiisukume taratibu kama kwenye country. Ikanyage kwa pigo moja, sambamba na ngoma ndogo.