Mtandao unaswe sehemu moja: ntopng na ripoti ya mwezi zisipishane

Mama mhasibu wa hosteli moja ya Moshi aliniwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa grafu ya ntopng, programu ninayofuatilia nayo mtandao wao nikiwa Arusha. Nyingine ilikuwa ripoti ya mwezi. "Mwanangu, niamini ipi?" Grafu ilisema matumizi hupanda kuanzia saa 3 usiku, ripoti ikasema saa 12 jioni, na jumla ya ripoti ilikaribia mara mbili ya ile ya grafu. Yule mama hulipia intaneti kwa hela za wanafunzi. Niliumia.

Chanzo ni kwamba kila programu ilikuwa na sehemu yake ya kunasia pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Ripoti ilisoma pande zote mbili za ruta, kwa hiyo pakiti moja ilihesabiwa ikiingia, ikahesabiwa tena ikitoka. Halafu saa yake ilikuwa ya UTC, saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa 3.

Sasa nanasa sehemu moja tu: upande wa ndani, kabla ruta haijabadilisha anwani. Ukinasa upande wa nje, vyumba vyote vinaonekana kama anwani moja na ripoti haikuambii kitu. Kwenye swichi, ule mlango unaokwenda kwenye ruta nauwekea mlango wa kioo, yaani nakala ya kila kinachopita inatumwa kwenye kadi ya pili ya seva, eth1. Kadi hiyo usiipe anwani ya IP, kazi yake ni kusikiliza.

Hapo programu zote mbili zinakunywa kisima kimoja. ntopng inasoma eth1 moja kwa moja. Kwa ajili ya ripoti, programu ya softflowd inageuza pakiti kuwa muhtasari wa mawasiliano wa mfumo uitwao NetFlow:

softflowd -i eth1 -v 9 -n 127.0.0.1:2055 -t maxlife=60

Usiisahau ile maxlife, inayotoa muhtasari kila sekunde 60. Bila hiyo, mtu akipakua faili kubwa kwa saa nzima, muhtasari unaweza kusubiri mpaka amalize, na mzigo wote ukaangukia dakika moja kwenye ripoti. Nilisumbuka na jambo hili siku mbili nikidhani swichi imeharibika.

Programu ya nfcapd inapokea muhtasari huo kwenye mlango namba 2055 wa seva na kufunga faili jipya kila dakika 5. Mwisho wa mwezi nfdump inayasoma mafaili hayo na kutoa jumla:

nfdump -R /data/flo -s ip/bytes -n 20

Ikija programu ya tatu inayotaka muhtasari huohuo, usifungue sehemu nyingine ya kunasia. Weka programu ya samplicate katikati, ipokee mara moja na kuwagawia wote.

Kuhusu saa: washa chrony inayosahihisha saa ya seva, kisha timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye ripoti naongeza safu ya saa zetu, maana mama akiona 09:00 anasoma saa tisa, wakati ni saa 3 asubuhi. Na vipimo: kasi huandikwa kwa biti, jumla kwa baiti. Gawanya kwa 8 kabla hujalinganisha.

Muhtasari haubebi maudhui, unabeba nani kawasiliana na nani, lini, kiasi gani. Kwa ripoti inatosha. Ikibidi kumpa mwenzako pakiti zenyewe, kata kila pakiti ibaki mwanzo wake:

tcpdump -i eth1 -s 96 -G 3600 -w 'moshi-%Y%m%d-%H.pcap'

Ukiwa umenasa kwa Wireshark, programu nyingine ya kunasa pakiti, na programu ya upande wa pili ikakataa faili lake la muundo wa pcapng, amri ya editcap -F pcap italigeuza kuwa pcap. Lakini anwani iliyofungwa kwenye namba ya chumba ni habari za mtu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, nami kwenye ripoti naweka alama badala ya namba ya chumba. Orodha ya alama inabaki kwa mama.

Kabla ya kukabidhi, pima. Nilipakua faili la GB 1 saa 4 asubuhi, hosteli ikiwa imetulia, nikatafuta anwani ya laptopu yangu kwenye ntopng na kwenye nfdump. Zote zilionyesha GB 1 na ushee, ule ushee ukiwa vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia data, na zote saa 4. Mama alichukua kalamu akazungushia namba zote mbili, kisha akaifuta ripoti ya zamani kwa mstari mmoja mrefu.