Somo: Kuomba leseni ya mtaalamu wa maabara Marekani ukiwa umesomea nje

Wengi wanaouliza kuhusu kazi ya maabara Marekani huanza na mtihani: mgumu kiasi gani, wasome nini. Mtihani si tatizo kubwa. Aliyekaa benchi, yaani meza ya kupimia sampuli, akapita hematolojia (vipimo vya chembe za damu), kemia na benki ya damu, akijipanga ataufaulu. Kinachokwamisha watu ni makaratasi, hasa yale yasiyoruhusiwa kupita mikononi mwako. Kwa hiyo nimefuata mpangilio wa kile kinachochelewa, si kile kinachotisha.

Tutenganishe kwanza vitu vitatu. Kipo cheti cha taaluma, kinachotolewa na shirika kama American Society for Clinical Pathology (ASCP) baada ya mtihani. Ipo leseni, inayotolewa na serikali ya jimbo. Halafu kuna hati ya uhamiaji, ambayo ni habari nyingine kabisa. Sheria ya shirikisho iitwayo CLIA, ya mwaka 1988, inaweka kiwango cha chini cha elimu kwa anayepima sampuli za wagonjwa, lakini haimpi mtu leseni. Majimbo mengi hayana leseni ya watu wa maabara. California na New York wanayo. Pale isipokuwepo, mwajiri ndiye atakayekudai cheti.

Hatua ya 1: Chagua jimbo. Usiseme "popote nitakapopata". Masharti ya California si ya New York, na kujua unakokwenda ndiko kutakuambia karatasi zipi utafute.

Hatua ya 2: Nyoosha majina. Hapa ndipo watu wetu huumia. Cheti cha sekondari kina majina mawili, cha chuo kina matatu, pasipoti imeongeza jina la babu, na mwenye ndoa ana jina la mume kwenye nyaraka mpya tu. Kwako ni mtu mmoja. Kwa mkaguzi wa mafaili ni watu watatu. Chagua jina moja, la pasipoti ndilo bora, kisha tengeneza hati ya kiapo inayounganisha mengine yote, na cheti cha ndoa kikihitajika. Fanya hivyo kabla hujafungua ombi lolote. Kurekebisha jina ombi likiwa katikati ni kujirudisha mwanzo wa foleni.

Hatua ya 3: Transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) na tathmini ya elimu. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, ianze leo. Masomo ya nje hutathminiwa na wakala anayekubalika, ambaye husema shahada yako inalingana na nini Marekani. Tathmini ziko za aina mbili. Moja husema tu kwamba una shahada. Nyingine huchambua somo kwa somo, na krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa kila somo. Unaitaka hiyo ya pili. Watu hununua ya kwanza kwa kuwa ni rahisi, kisha wanalipa tena. Na kabla hujalipa, angalia orodha ya mawakala ya ASCP na ya jimbo lako, umchague aliyemo kwenye zote mbili.

Transkripti hutoka kwa msajili wa chuo kwenda kwa wakala moja kwa moja, au kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Nakala uliyonayo kabatini haitoshi hata ikiwa halisi. Ukiwa na ndugu karibu na chuo, mwombe afuatilie ana kwa ana, maana barua pepe kwa msajili inaweza kulala.

Omba pia maelezo ya kila kozi. Kama transkripti imeandika "Maabara II" bila zaidi, mtathmini hajui aihesabu wapi. California, kwa leseni ya mtaalamu wa maabara, inataka shahada yenye angalau krediti 16 za kemia, 18 za biolojia na 3 za fizikia inayogusa mwanga na umeme. Hizo 3 za fizikia zinaangusha watu wenye shahada nzuri kabisa, kwa sababu fizikia yao ilifunikwa ndani ya somo lenye jina jingine. Zikipungua, chukua kozi ya fizikia ya chuo yenye krediti, na ithibitishe na jimbo kabla ya kulipa ada.

Hatua ya 4: Uzoefu wa kazi. Njia za kufikia mtihani huchanganya elimu na uzoefu. Msimamizi wako hujaza fomu kuonyesha vitengo ulivyofanya kazi, na huambatana na barua yenye kichwa cha taasisi inayothibitisha kwamba kweli yeye ndiye aliyeijaza. Kama msimamizi yuko karibu kustaafu au kuhama, mfuate mapema. Na fomu iseme ukweli: usiombe uandikiwe benki ya damu kama hukuigusa.

Hatua ya 5: Mtihani. Ule wa ASCP kwa ngazi ya shahada una maswali 100, saa mbili na nusu, yaani sekunde 90 kwa swali. Kompyuta hupandisha au kushusha ugumu kufuatana na majibu yako, kwa hiyo ukiona maswali yanazidi kuwa magumu usikate tamaa. Alama ya kufaulu ni 400 kwa mizani yao wenyewe, si idadi ya maswali. Benki ya damu, kemia, hematolojia na mikrobiolojia kila moja huchukua asilimia 17 hadi 22. Imunolojia, mkojo na majimaji mengine ya mwili, na uendeshaji wa maabara ni asilimia 5 hadi 10 kila moja.

Weka nguvu kwenye benki ya damu. Kupima kundi na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa tumezoea. Hapa utapewa jedwali la seli za kupimia na kuambiwa utafute kingamwili ni ya Kell, ya Duffy au ya Kidd, ambayo ni makundi ya damu mengine mbali na ABO. Ubora wa vipimo nao usiuchukulie kijuujuu: jizoeze kusoma chati za Levey-Jennings, zinazoonyesha matokeo ya sampuli za udhibiti siku kwa siku, na kanuni za Westgard, zinazokuambia lini matokeo hayo yakataliwe. Kwenye slaidi za malaria hatuna wasiwasi, ila usitegemee zikubebe.

Hatua ya 6: Leseni. Baada ya yote hayo, hii ni fomu, ada na subira. Jimbo nalo litataka transkripti na matokeo ya mtihani kutoka kwa wenyewe, si kwako. California leseni huhuishwa kila miaka 2 kwa saa 24 za masomo endelevu.

Hatua ya 7: Uhamiaji. Sheria ya uhamiaji ya 1996 iliwaweka wataalamu wa maabara pamoja na wauguzi: anayekuja kufanya kazi hiyo anahitaji cheti cha VisaScreen, ambacho huhakiki elimu, leseni na Kiingereza chako. Usingoje kuajiriwa ndipo uanze.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina stashahada tu. Nirudi chuo kwanza?
Si lazima. ASCP ina mtihani wa ngazi ya fundi, MLT. Fanya tathmini ya somo kwa somo uone stashahada yako inahesabika vipi, kisha uamue. Wapo wanaoanzia huko, wakamalizia shahada wakiwa kazini.

Shikamoo mwalimu. Chuo nilichosoma kiliunganishwa na kingine, msajili wa sasa anasema hanijui.
Marahaba. Mafaili yapo kwa mrithi wa chuo au kwa mamlaka iliyokisajili. Andika barua ukitaja namba ya usajili, mwaka wa kuingia na wa kuhitimu. Omba pia barua rasmi inayosema chuo cha zamani sasa ni kipi. Bila hiyo mtathmini ataona jina lisilolingana na cheti chako.

Leseni yangu ya nyumbani imeisha muda. Niihuishe na mimi naondoka?
Huisha. Uhakiki unaweza kupelekwa kwenye baraza au bodi iliyokusajili, na jibu la "amesitishwa" halipendezi kwenye faili, hata kama sababu ni ada tu.

Kaka, wakati nasubiri naweza kuchukua damu tu wagonjwa?
Majimbo mengi ndiyo, mwajiri akikukubali. California hapana: hata anayechoma sindano tu anahitaji cheti cha jimbo.

Nimekaa mikrobiolojia peke yake miaka yote. Mtihani wa jumla utanimaliza.
Basi usiufanye huo. ASCP ina cheti cha mikrobiolojia pekee, na California ina leseni ya eneo moja. Ila fahamu unachopoteza: hospitali ndogo, hasa zamu za usiku, hutaka mtu wa kushika benchi zote, na huko utakosa nafasi. Ukilenga hospitali kubwa au maabara ya rufaa, cheti hicho kinakutosha.