Barabara ya wodi inaweza kuwapa maji: hatua kutoka mpango hadi tenda (Makueni, Kitui)

Mvua ya Novemba ikinyesha, kalvati inatapika maji yote kwa shamba la mtu mmoja, inachimba korongo, halafu kiangazi huyo huyo anapanga foleni na mitungi. Wengi tunaanza kulalamika kontrakta akishafika na greda, na hapo mambo imeisha.

Hatua 1. Tembea barabara mvua ikinyesha, piga picha pale maji yanavukia. Angalia shamba gani liko na matuta ya fanya juu (mtaro unachimbwa, udongo unatupwa upande wa juu), hilo ndilo litapokea maji bila kubomoka. Barabara ikikata mto wa mchanga ombeni drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) iliyoinuliwa kidogo badala ya kalvati, inazuia mchanga upande wa juu, mchanga unaweka maji, mnachimba kisima hapo.

Hatua 2. Pelekeni ombi lenu kwa kaunti, kwa maandishi, Julai ama Agosti, mpango wa mwaka (ADP) unafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Mkingoja vikao vya bajeti mtakuta pesa imeshagawanywa.

Hatua 3. Hapa ndipo kazi iko: BQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei ambayo kontrakta anafuata. Kontrakta analipwa kwa kilichopimwa, so kama mtaro wa kupeleka maji shambani hauna laini yake, mita ngapi, bei gani, hachimbi hata mkimwimbia. Miche pia, andikeni kupanda NA kumwagilia, la sivyo inapandwa siku ya picha tu.

Hatua 4. Tenda. Kuna ile 30% ya tenda za serikali inayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu (AGPO). Mitaro na kupanga mawe ni kazi ya mikono, iombeeni tenda yake ndogo.

MASWALI

Swali: Maji ya barabara si ni machafu?
Jibu: Ya kunywa hapana. Kwa mahindi na miti kwa barabara ya murram, sawa.

Swali: Na jirani wa chini akisema tumemwibia maji?
Jibu: Atasema tu. Keti naye kabla ya BQ, mkubaliane maji yakijaa kwako yanatokea wapi, muweke sahihi mbele ya chifu.

Swali: Mkuu, hizo kampuni za vijana si ni majina tu, mwenye pesa ni mwingine?
Jibu: Inatokea sana. Ombeni masharti ya tenda yaseme vibarua watoke wodini, na orodha yao ibandikwe pale saiti kila wiki, majina mtayajua wenyewe.